Jasho la Bomba

Jikoni kwetu, hapa Sumbawanga mjini, kuna bomba la chuma la nusu inchi ambalo halikufichwa ukutani. Linaingia kutoka uani, linapanda pembeni mwa dirisha, linakatiza juu ya sinki, kisha linazama ukutani kwenda bafuni. Baba mkwe ndiye aliyelifunga, akisaidiana na wenzake wa kazi ya ujenzi, enzi zile mji ulipokuwa umefanywa makao makuu ya mkoa mpya. Rukwa ilianza kuwa mkoa 1974, watumishi wakaja kutoka kila pembe ya nchi, na mtu mwenye mwiko na timazi hakukosa kibarua. Mchana alijenga nyumba za watu, jioni na siku za mapumziko akajijengea yake: matofali ya kuchoma, udongo katikati ya matofali, lipu ya saruji, sakafu nyekundu ya kung'arishwa, bati juu. Akaishi humo hadi mwisho wake. Bomba likaendelea kuleta maji na hakuna aliyekuwa na neno nalo.

Halafu likaanza kudondosha.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Huku kwetu Ufipa tuna msimu mmoja tu, unaoanza kama Novemba na kwisha Aprili au baada ya hapo kidogo, na miezi hiyo nguo hazikauki, chumvi inalowa kwenye kopo, viberiti vinagoma. Mama mkwe aliamka alfajiri akakuta maji yametuama chini ya sinki. Akapangusa. Jioni yakarudi. Rangi ya ukuta ikavimba, ikabanduka vipande vipande, na nyuma ya kabati la vyombo ukatokea ukungu mweusi uliopanda hadi kwenye kona ya dari. Tulivumilia hayo yote. Kilichoiamsha nyumba nzima ni mfuko wa unga uliokuwa umeegeshwa pale ukutani: upande mmoja ulishika unyevu, unga ukaganda mabonge, ukatoa harufu ya uchachu. Huku kwetu unga ukiharibika watu wazima wanaitwa kikao.

Mume wangu alisema ni paa. Shemeji, mdogo wake, akapanda juu na kopo la lami, akaziba kila tundu la msumari aliloliona na mengine ambayo hayakuwa na tatizo. Siku mbili tatu zikapita bila mvua, jua likiwaka, na maji yakaendelea kudondoka. Basi paa likaachwa.

Tukamwita fundi bomba. Ni mtu wa heshima, ana miaka mingi kwenye kazi hiyo, na kwa kuwa anatoka kijiji kimoja na mume wangu huniita shemeji.

"Shemeji," alisema baada ya kulishika bomba kuanzia chini hadi juu, "hiki chuma kimezeeka. Kina tundu mahali, ila tundu lenyewe ni dogo, halionekani."

Nikamwuliza mbona kuna siku bomba linakuwa kavu kabisa.

"Siku zipi hizo?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, maana yeye hukaa jikoni kuliko mtu yeyote. Siku ambazo maji ya mtaani yanatoka, bomba linalowa. Siku yasipotoka tukafungulia tanki jeusi lililo juu ya mnara uani, bomba halina hata tone.

Fundi akapiga kofi. "Umeona? Presha! Maji ya mtaani yana nguvu, yanasukuma mpaka yanapenya kwenye tundu. Maji ya tanki ni mapole, hayawezi. Hapo hakuna ubishi tena."

Na kweli hapakuwa na ubishi. Hoja ilikaa sawasawa, kila tulichokiona kiliiunga mkono. Akachukua patasi na nyundo.

Nataka niseme jambo kuhusu ukuta ule. Lipu yake ilikuwa laini namna ambayo siku hizi hulipii fedha ukaipata. Ukiweka taa ya kando huoni wimbi wala kovu. Mama mkwe alisimama mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, mikono ameikunja, akiangalia patasi ikiingia. Hakusema kitu. Vipande vilipoanza kuanguka aliinama akaokota kimoja, akakigeuza upande wa ndani, pale penye alama za matofali, akakiweka dirishani. Kipo hadi leo. Ni vigumu kumweleza fundi kwamba ukuta anaouvunja ni kazi ya mikono ya mtu ambaye mke wake amesimama nyuma yake.

Tundu halikuonekana. Na jambo la ajabu, ambalo lilipaswa kutusimamisha sote palepale: sehemu ya bomba iliyokuwa imefukiwa ukutani ilikuwa kavu. Udongo wa katikati ya matofali ulikuwa unavumbika mkononi. Kilichokuwa kimelowa ni kile kipande cha wazi tu. Fundi akabadilisha elbo, akafungua tii, akatoa katani ya zamani kwenye maungio na kuzungushia mpya, akakaza kwa spana kubwa hadi bomba likalia. Tukamlipa. Jioni hiyo maji ya mtaani yakatoka, tukabandika maharage, na kabla ya chakula kuiva tone la kwanza lilikuwa limening'inia chini ya elbo mpya.

Shemeji naye akaja na lake. Alikata sponji la godoro lililochakaa, akalizungushia bomba lote, akafunga kwa kamba za katani. Kwa muda mfupi sakafu ilikuwa kavu, na tukamsifu. Kisha jikoni kukaanza kunuka. Alipofungua kamba, sponji lilikuwa limejaa maji, zito, limeota utelezi, na chini yake chuma kilichokuwa na rangi ya kijivu kilikuwa kimepata madoa ya kutu. Chuma cha bomba hupakwa zinki ili kisishike kutu, lakini zinki ikikaa ndani ya unyevu usiku na mchana huliwa taratibu, na ikishaisha chuma kinabaki uchi. Sponji la godoro lina vijishimo vilivyounganika: hewa inapita hadi kwenye chuma, inageuka maji palepale, na maji hayana pa kutokea. Yaani tuliliacha bomba likiwa na hali mbaya kuliko lilivyokuwa tangu lifungwe.

Ufumbuzi uliletwa na friza. Mama mkwe huuza migebuka. Samaki hutoka Kasanga, bandarini Ziwa Tanganyika, anawagandisha na kuwauza mtaani. Friza ilikuwa imeshindwa kushika barafu, akaitwa fundi friji, kijana mpole, anayebeba vifaa vyake kwenye begi la shule. Alipokuwa akisubiri friza ipoe aliegemea mlango wa jikoni akiangalia bomba.

"Mama, hilo bomba mbona linatoa jasho?"

"Linavuja, mwanangu. Limetushinda."

"Halivuji, mama. Hili ni jasho. Kwenye friji tunaliona kila siku."

Mume wangu alikuwa amechoka kusikia maoni, akasema atahitaji kuoneshwa. Kijana hakubishana. Kwanza alikwenda uani kwenye mita, akatuomba tufunge koki zote za nyumba, chooni, bafuni, jikoni, bustanini. Ndani ya kioo cha mita kuna kigurudumu kidogo ambacho huzunguka hata maji yakipita membamba mno. Tulikitazama. Kilisimama. Tukaenda kunywa chai, tukarudi, kilikuwa palepale. Bomba linalovuja kiasi cha kutuamisha maji sakafuni lisingekiacha kigurudumu kimetulia.

Kisha akafunga maji kwenye koki ya nje, akaacha bomba lipate joto la chumba hadi likakauka, akalipangusa kwa kitambaa. Akachukua mfuko wa nailoni, akaupasua, akauzungushia sehemu ya juu ya sinki kwa kuubana, akafunga ncha zote mbili kwa tepu ya umeme hadi pasiwe hata pa kupitisha sindano. Sehemu nyingine akaiacha wazi. "Kama maji yanatoka ndani ya chuma," alisema, "yatajaa chini ya nailoni. Kama yanatoka hewani, yatakaa juu yake. Fungulieni maji, mpike kama kawaida, kesho asubuhi mtajua."

Asubuhi watoto ndio waliotangulia jikoni, na kelele zao zilituamsha. Nailoni ilikuwa imejaa matone nje, madogo madogo, yamejipanga, mengine yameungana na kuteremka. Mama mkwe akayapangusa kwa kidole, akachana tepu kwa kisu, akaingiza kitambaa cheupe chini ya nailoni, akakitoa. Kikavu. Akakipitisha kwa mume wangu, mume wangu akampa shemeji, shemeji akakinusa.

Kijana alirudi mchana kumalizia friza akatueleza. Hewa yote ina maji ndani yake, ila hatuyaoni. Hewa yenye joto inabeba mengi, hewa baridi inabeba machache. Chumba chenye joto la nyuzi 24 kinaweza kubeba kama gramu 22 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 18 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 15 hivi. Zile zinazozidi lazima zishuke mahali, na zinashukia kwenye kitu chochote kilicho baridi: chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, kioo cha dirisha alfajiri, bomba la chuma lililojaa maji yaliyotoka ardhini sasa hivi. Alipima maji yetu ya mtaani kwa kipimajoto chake cha kazi: nyuzi 17. Akapima ya kwenye tanki jeusi lililoshinda juani: nyuzi 25.

Hapo ndipo ile hoja ya presha ilipoanguka. Bomba lilikuwa linalowa siku za maji ya mtaani kwa sababu maji hayo ni baridi, basi. Maji ya tanki yana joto kama hewa ya jikoni au kuizidi, hayawezi kuifanya hewa iangushe chochote. Fundi bomba alikuwa ameona ukweli uleule tuliouona sote. Alikosa tu kuyashika maji kwa mkono.

Likabaki swali la mama mkwe, na kwangu mimi ndilo lililokuwa swali lenyewe. "Bomba ni lile lile," alisema. "Maji ni yale yale. Mvua hizi zinanyesha tangu nizaliwe. Kwa nini linatoa jasho sasa?"

Zamani, alitueleza, hakuna aliyepika ndani. Jiko lilikuwa banda la uani, kuni na mafiga, moshi unatokea upenuni. Jikoni hapa palikuwa pa kuoshea vyombo na kuwekea chakula kilichoiva. Na chini ya dari, kuzunguka ukuta wote wa nje, marehemu aliacha matundu. Nikapanda kwenye kiti. Juu kabisa, nyuma ya rangi iliyopakwa mara nyingi, ukipapasa unasikia mraba, na ukiugonga unalia utupu. Shemeji akatoboa kwa bisibisi. Zikatoka karatasi za mifuko ya saruji zilizosokotwa, na nyuma yake magazeti.

Mama mkwe akakaa chini. Yalizibwa mwaka ambao marehemu aliugua kifua. Juni na Julai Ufipa si mchezo: mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo wa nyanda hauna kizuizi, usiku watu hulala na masweta chini ya blanketi. Mgonjwa alikuwa akitetemeka. Akaomba matundu yazibwe, mke wake akayaziba kwa mikono yake, moja baada ya jingine, na baadaye yakapigwa lipu nyembamba na kupakwa rangi. Miaka ikapita, mume wangu akapata fedha, akang'oa madirisha ya mbao yaliyokuwa yameachia nafasi na kuweka ya aluminiamu yanayobana sawasawa. Akaweka na silingi bodi, kwa hiyo hata mwanya uliokuwa kati ya ukuta na bati ukafungwa. Kila moja la mambo hayo lilikuwa jema. Nyumba ikawa na joto, vumbi likapungua, upepo ukakoma kupiga miluzi usiku.

Kisha tukaleta gesi. Nchi nzima ilikuwa inazungumza habari hiyo. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Na mimi nilifurahi na bado nafurahi. Nimepika kwenye banda lile wakati wa mvua za Januari, macho yakitiririka, mtoto mgongoni akikohoa. Msitu wa Mbizi uliopo juu ya mji wetu, wenye mbega wekundu na chemchemi zinazolisha mito yetu, hauwezi kuendelea kukatwa ili tuchemshe maharage. Hilo sibishani na mtu. Lakini kuna jambo ambalo sijasikia mtu akimwambia mwanamke anapobebeshwa mtungi: gesi inapoungua inatengeneza maji. Si mfano wa maneno. Hidrojeni iliyomo ndani ya gesi inashikana na oksijeni ya hewani na kuwa mvuke, na kilo moja ya gesi iliyoungua inatoa lita moja na nusu ya maji na ushee. Ule mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga jikoni karibu lita 10, nusu ndoo, na hakuna aliyeziona zikipita. Mkaa hauna maji mengi hivyo, na kuni zina maji ila zilikuwa uani.

Ongeza maharage. Ufipa tunakula maharage, na huku juu yanachukua muda wake. Kwa kimo hiki maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, wala hayafiki 100, kwa hiyo maharage yanayoiva mapema Kasanga, zaidi ya mita 1,000 chini yetu, hapa yanataka subira. Dada yake mama mkwe, anayeishi Muze, bondeni upande wa Ziwa Rukwa, kila akija kututembelea hulalamika kwamba tunampa maharage mabichi. Subira hiyo yote ni mvuke. Nilipiga hesabu: jikoni kwetu ni chumba cha hatua chache, kama mita 22 za ujazo. Hewa yake yote, kwa joto la nyuzi 24, haiwezi kubeba hata nusu lita ya maji. Sufuria moja ya maharage ikitokota bila mfuniko inapoteza zaidi ya hapo kabla hayajalainika. Hujahesabu maji ya kuoga, chai, ugali, wala sare za shule tulizokuwa tunaanika kwenye kamba nyuma ya mlango kwa sababu nje kunanyesha.

Maji yaliyoozesha unga wetu, basi, tuliyatengeneza wenyewe, tukayafungia ndani, na bomba baridi likawa ndilo la kwanza kuyaonesha. Ukungu wa nyuma ya kabati haukutoka kwenye bomba hata kidogo. Ukuta ule wa nje nao ni baridi, na mvuke ulikuwa unatua juu yake usiku kucha. Bomba lilidondosha, kwa hiyo likalaumiwa.

Kikao cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Mume wangu alitaka bomba litolewe lote liwekwe la plastiki. Kuna ukweli ndani yake: plastiki ya mabomba inapitisha joto kidogo sana ikilinganishwa na chuma, tofauti inayofika kama mara 200, na bomba lake halitoi jasho kwa urahisi. Ila mvuke ungebaki. Ungehamia kwenye kona, kwenye dari, kwenye magodoro. Kijana wa friji alisema hivyo hivyo. Mama mkwe alitaka matundu yafunguliwe. Mume wangu akamkumbusha baridi ya Juni na magoti yake.

"Magoti ni yangu," mama mkwe akajibu. "Na unga ni wangu."

Matundu ya juu yakafunguliwa, yote ya upande wa jikoni na bafu. Lakini tundu la juu peke yake halitoshi. Hewa ya moto inatoka juu pale tu ambapo hewa nyingine inaingia chini, na hilo katika nchi hii ya Ufipa lilijulikana kabla ya saruji. Wahunzi wa zamani walijenga malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, na hazikuwa na mtu wa kupuliza mivukuto. Walitoboa matundu kuzunguka kitako, moto ukavuta hewa wenyewe, ukapanda, na mawe yakatoa chuma. Mabaki ya malungu bado yamesimama katika vijiji kadhaa. Shemeji akatoa tofali moja chini ya sinki, mkabala na mlango, pakawa pa kuingilia hewa. Panya walitajwa, mbu wakatajwa, wakapata wavu wa chuma na wavu wa mbu kwa pamoja. Kwa ajili ya Juni seremala alitengeneza vifuniko vya bati vinavyoteleza kwenye mbao mbili. Mama mkwe anavisogeza kwa ufagio akimaliza kupika na mvuke ukishatoka, alfajiri anavifungua tena.

Mfuniko wa sufuria ukawa sheria. Maharage yanalowekwa usiku kucha. Kamba ya sare ikahamia kwenye lile banda la uani, ambalo lilikuwa linangoja kubomolewa na sasa limepata kazi. Dirisha linafunguliwa kabla ya jiko kuwashwa, na linabaki wazi hadi vyombo vimeoshwa.

Bomba nalo likavalishwa nguo ya haki. Mafundi wa viyoyozi wanatumia mpira mweusi wenye povu ndani, ule ambao vijishimo vyake havijaungana, hewa haipenyi. Sumbawanga viyoyozi havina wateja wengi, kwa hiyo mpira ulibidi uagizwe Mbeya, ukaja kwa basi kupitia Tunduma. Tulipokuwa tunaungoja, shemeji alizungushia bomba vipande vya tyubu ya baiskeli, vile vile tunavyofungia mizigo, kila mzunguko ukikalia nusu ya ule wa chini yake. Tyubu ni nyembamba na haizuii ubaridi kwa kiasi kikubwa, lakini haipitishi hewa, na matone yalipungua hata kabla mzigo haujafika. Mpira wenyewe ulifungwa na kijana wa friji. Alifunga maji kwanza. Akasugua kutu kwa msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akasubiri ikauke kabisa, maana ukifungia unyevu ndani umelirudia lile sponji. Kila maungio akayatia gundi, na pale kwenye elbo akakata mpira kwa pembe ili midomo miwili ikutane bila mwanya. Akakipapasa kila kiungo kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini. Alipofika mwisho alirudia.

Fundi bomba alikuja kuangalia. Hakuna aliyemwita, habari zilikuwa zimemfikia. Alisimama mbele ya ukuta wake uliozibwa kwa lipu mpya, ambayo haifanani na ile ya zamani, akauliza maswali mengi ya mita na nailoni, akamwomba kijana amwoneshe namna ya kubana tepu. Kisha akamwambia mama mkwe, "Mama, nisamehe ukuta." Mama mkwe akamkaribisha chakula.

Bafuni bado hatujamaliza. Kule kuna bomba jingine la wazi, mvuke wa maji ya kuoga ni mwingi kwa muda mfupi, na tundu la chini halijatobolewa kwa sababu upande wa pili wa ukuta ni kitanda cha watoto. Mpira uliobaki hautoshi. Msimu huu linalowa jioni na kukauka usiku, na kwa sasa tunaacha dirisha dogo wazi tukishaoga.

Shemeji anajenga Kizwite. Kuta zimefika kwenye linta. Ramani aliyochorewa ina jiko la ndani, madirisha ya aluminiamu na silingi bodi kila chumba. Matundu ya hewa hayakuwemo. Mama mkwe alikwenda na yule yule fundi bomba, wakazunguka vyumba vyote wakiweka alama kwa mkaa ukutani, juu na chini, mkaa ukiwa mkononi mwa mama. Shemeji alilalamika kwamba ni mengi mno, nyumba itakuwa ya baridi. Fundi akamwuliza atapikia wapi na atapikia nini. Kwa gesi, akajibu, humu ndani. Mama mkwe akaongeza alama nyingine mbili, akampa mwashi lile kaa, akauliza matofali ya matundu yanauzwa wapi kwa bei ya jumla.